Rangi ya Kucha Chini ya Boneti

Baba yangu alikuwa na swali moja alilolitumia kwa kila mtu na kwa kila jambo: "Umejuaje?" Ukimwambia mvua inakuja, umejuaje. Ukimwambia chakula kiko tayari, umejuaje. Siku niliyomwambia nimefaulu mtihani aliuliza hivyo hivyo, na hakutabasamu mpaka alipokwenda shuleni mwenyewe kuyasoma matokeo ubaoni. Majirani walicheka. Mimi niliyeishi naye sikucheka sana, maana kukaguliwa kila siku ndani ya nyumba yenu ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Mama anasema hakuzaliwa hivyo, tabia hiyo aliipata kazini. Alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni moja kubwa, na nusu ya kazi ya dereva wa mkubwa ni kusubiri. Baba alisubiri sana kwenye magereji. Alikaa kwenye mabenchi yenye grisi akiwa na suti yake, watu wakamsahau, naye akaona mengi. Aliona spea mpya ikitolewa kwenye boksi mbele ya mwenye gari, ikafungwa, kisha mwenye gari alipoitwa ofisini, ikafunguliwa tena na mahali pake ikarudishwa ile ya zamani, imesuguliwa mpaka inang'aa. Aliona plagi moja ikiuzwa kwa watu wawili mchana mmoja. Tangu hapo akajiwekea kanuni kwamba fundi akibadilisha kitu, cha zamani lazima amkabidhi mwenye gari mkononi. Ndiyo sababu rafu ya chini ya kabati letu la vyombo ilijaa pampu zilizokufa na plagi zilizoungua. Mama alikuwa akiinama kutafuta kifuniko cha sufuria, anaibuka na mkanda wa injini.

Alipostaafu, kampuni ilimuuzia gari lile lile alilokuwa akiliendesha. Lilikuwa saluni nyeusi, ndefu, yenye viti vya ngozi, ya aina ambayo zamani ikipita watu walinyoosha shingo kuona nani yumo ndani. Sisi tuliliita Mheshimiwa. Baba aliliendesha tangu likiwa jipya, bado lina harufu ya dukani, na aliujua mlio wa injini yake kuliko alivyokijua kikohozi cha mama. Akaanza kulikodisha kwa maharusi. Siku ya kazi analiosha tangu asubuhi, analifunga riboni nyeupe, anavaa suti yake ya enzi za mkurugenzi, halafu anaondoka amenyooka kwenye usukani kana kwamba yeye ndiye anayeoa. Nakiri nilipenda kumwangalia akitoka getini namna ile. Ilikuwa saa pekee ambayo uso wake haukumshuku mtu.

Lakini magari ya aina hiyo huzeeka vibaya. Kwa nje yanameremeta, kwa ndani kila kiungo kina lalamiko lake. Mheshimiwa akapata ugonjwa wa kuzima akiwa moto. Asubuhi anawaka bila tabu na kunguruma kwa adabu, lakini akishatembea kidogo, injini ikapata joto, anaanza kukohoa, anatetemeka, anazima. Mkimwacha apoe, anawaka tena kama vile ninyi ndio mliokuwa na matatizo.

Fundi wetu alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwa na haraka na alilirudia neno hilo kutwa nzima: kaza taratibu, fungua taratibu. Mama ndiye aliyemlea. Bibi yangu alifariki mjomba akiwa hajaanza shule, na mama, naye msichana tu, akambeba, akamlisha, na baadaye akamsomesha kwa cherehani yake. Mtu mzima huyo, mwenye gereji na mke, alikuja kula kwetu kila Jumapili, na kabla ya kukaa alipita jikoni kumwonyesha dada yake mikono. Mazoea ya utotoni. Mama anavigeuza viganja, anatazama kucha, anasema, "Bado. Nenda tena." Mjomba anarudi bombani huku anacheka.

Mara ya kwanza Mheshimiwa alipozima, mjomba alibadilisha sensa moja, kidude kidogo cha kupimia kilichoko ubavuni mwa injini. Gari likapona. Tukasahau. Kisha likazima tena, na safari hii mjomba akasema ni koili, moja kati ya zile zinazopeleka moto kwenye plagi. Ikabadilishwa, gari likapona. Likazima tena. Koili nyingine, na waya zake.

"Shemeji, hili gari limezeeka lote kwa pamoja," mjomba alimwambia baba, akiwa amekaa kwenye ukuta wetu wa nje na kikombe cha chai. "Ukitia kifaa kipya, kile cha jirani yake kilichochoka ndicho kinachofuata. Spea mpya inaponya pale ilipowekwa tu. Haiwezi kuponya gari zima."

"Umejuaje?" baba akauliza.

"Nimejua kwa sababu nimelifungua."

"Mimi nimeliendesha tangu jipya. Halijawahi kuniangusha."

"Lilikuwa jipya, shemeji."

 Nilimwona baba akimtazama mjomba akishuka barabarani, na nikalijua lile jicho. Ndilo alilonitazama nalo siku ya matokeo ya mtihani. Alipoingia ndani alimwambia mama, "Gari halidanganyi. Watu ndio wanaodanganya." Mama akaendelea kutia uzi kwenye sindano na kusema kwamba mdogo wake hajawahi kuiba hata kijiko cha sukari. Baba akasema hajamtaja mtu. Hajamtaja, ndiyo, lakini kuanzia siku hiyo spea akawa anazinunua mwenyewe, anazileta nyumbani kwanza, anajifungia nazo chumbani, ndipo anazipeleka gereji.

Huko chumbani alikuwa anazitia alama. Mama hakuwa na anasa nyingi. Mkufu aliuuza zamani, viatu alivivaa mpaka vikachoka. Kitu kimoja tu hakukiacha, rangi ya kucha, rangi ya damu ya mzee, ile ile tangu usichana wake. Alisema mshona nguo hutazamwa mikono siku nzima, basi angalau mikono ipendeze. Baba akaichukua ile chupa na kutia nukta ndogo kwenye kila spea mpya, ili siku mjomba akiichomoa na kuweka ya zamani, yeye ajue.

Hapo nyumba yetu ikaingiwa na wazimu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa baba. Siku moja, baada ya gari kutoka gereji, alifungua boneti, akainama na tochi, akakuta koili moja haina nukta. Akaifuta kwa kidole. Akatazama upande wa pili. Haina. Aliposimama uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na utulivu ule uliniogopesha kuliko kelele. Hakumwendea mjomba. Alisema mwizi ukimshtua mapema anajificha. Akachukua spana zake, akaanza kufungua mwenyewe vile vilivyokwisha fungwa, boliti moja baada ya nyingine, na kutia alama mahali pa siri, chini ya vishikizo na ndani ya vichwa vya waya, pasipoonekana mpaka ufungue. Na safari hii hakutia nukta. Alipaka kweli kweli, tabaka juu ya tabaka, isifutike.

Wazimu wa pili ulikuwa wa mama. Chupa yake ilikuwa inapungua upesi kuliko alivyokuwa akipaka. Akakuta doa la damu ya mzee kwenye mkono wa shati la baba. Akamnusa mumewe mezani, akasikia harufu ya rangi mbichi. Akaniita pembeni, macho yamemtoka.

"Baba yako ana mwanamke."

"Mama, mzee yule? Mwanamke gani atakayeulizwa umejuaje mpaka alfajiri?"

"Usinichekeshe. Rangi yangu anampaka nani?"

Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba meza yetu ilikuwa na watu watatu wanaotazamana kwa pembe ya jicho. Baba alimshuku mjomba, mama alimshuku baba, na mimi nilianza kuwashuku wote kuwa wamechoka akili. Halafu mjomba akaacha kuja Jumapili. Mara ya kwanza alisema ana mgeni. Mara ya pili alisema mwili hauko sawa. Baadaye hakusema kitu. Mama aliendelea kumwekea sahani, kisha anaifunika, kisha jioni anaiondoa.

"Umeona?" baba akasema. "Mtu mwenye moyo safi hakimbii macho ya watu."

Na kusema kweli, siku ile hata mimi nilitikisika. Nilimpenda mjomba, lakini shaka ikishaingia ndani ya nyumba haibagui, kila mtu anapata sehemu yake.

Mheshimiwa sasa alizidi. Zamani alizima mara moja moja, ila baada ya baba kupita na spana yake, alizima karibu kila safari. Baba akaona huo ndio ushahidi kwamba mle ndani hamna hata spea moja ya maana. Tukafika siku ya harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimekaa mbele na baba kwa sababu nilikuwa nimembebea bibi harusi maua. Tulikuwa kwenye makutano ya barabara, jua kali, msafara wote nyuma yetu ukipiga honi za furaha. Mheshimiwa akakohoa. Baba akakanyaga mafuta. Akakohoa tena, akatetemeka, akanyamaza katikati ya njia. Honi za furaha zikageuka honi za matusi. Mashangazi wa bibi harusi walivua viatu vyao virefu wakasukuma, mwishowe wakamtoa yule binti na shela lake, wakampakia kwenye pikapu iliyokuwa imebeba viti vya kukodi. Baba alibaki ameshika usukani. Shangazi mmoja aliinama dirishani akasema, "Mzee, gari kama hili mngeliacha tu likapumzika." Sijawahi kumwona baba akitazama chini vile.

Usiku ule hakula. Asubuhi alitusimamisha, mimi na mama, akiwa amevaa ile suti.

"Mnakuja nami gereji. Nataka mashahidi. Nimetia alama kila kifaa kilichomo mle. Tukikuta alama haipo, mdogo wako ni mwizi. Hataukanyaga mlango huu, na wewe hutakwenda kwake. Awe amekufa."

Mama alikaa chini, kanga mkononi. "Nimemlea mimi," akasema. "Unataka nimzike akiwa hai kwa sababu ya gari?"

"Kwa sababu ya uongo," baba akasema.

Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa baridi, aliwaka mara moja na kutupeleka bila hata kukohoa. Gereji ya mjomba ni uwanja wa mchanga mweusi wa mafuta, bati lililoegemea ukuta, matairi yamepangwa kama viti, na ovaroli zimening'inia kwenye msumari. Mjomba alitoka chini ya lori, akatuona watatu tumevaa kama tunakwenda msibani. Hakumtazama mama. Aliniumiza kwa hilo.

Baba akafungua boneti na kumtolea uvivu. Aliyasema yote, tena kwa sauti, wateja wakisikia: spea alizonunua kwa mkono wake, alama, nukta iliyopotea. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kopo la thina, ile dawa ya wapaka rangi, akalowesha kitambaa, akapangusa koili moja iliyokuwa bado na nukta. Nukta ikatoweka mbele yetu.

"Kila ninapofungua, naosha, shemeji. Sifungi kitu kichafu."

Baba hakurudi nyuma. "Za nje umezifuta. Kuna nyingine hujaziona. Fungua huo waya mdogo hapo, unaoshika kwenye mwili wa injini."

Mjomba akatia spana. Mama akanishika mkono, kucha zake zikanichoma. Boliti ikatoka, kichwa cha waya kikainuliwa, na chini yake ilikuwapo alama, nene, nyekundu iliyoiva, haijaguswa. Waya ulikuwa ule ule. Mama alishusha pumzi kwa sauti. Baba alitazama alama yake, akatazama tena, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ya jirani. Nilidhani mambo yamekwisha, nikafurahi kwa kweli. Mjomba ndiye aliyeendelea kuinama pale pale.

"Nani amepaka hapa?" akauliza.

"Mimi," baba akasema.

"Hapa ndipo umeme wa koili unaporudia. Chuma kinatakiwa kiguse chuma. Ukiweka rangi katikati, kinachobaki kushika ni meno ya boliti tu. Injini ikiwa baridi, panashika kidogo. Ikipata moto, panaachia, gari linazima." Alisema bila ukali wowote, taratibu, kama anavyosema kila kitu. Akauliza kama kuna mahali pengine. Baba akamwonyesha, kimoja kimoja, kwa kidole. Mjomba akavikwangua kwa wembe, akavifunga, akaliwasha gari, akaliacha lingurume. Tulisimama pale jua linapanda. Kipimo cha joto kikapanda kikafika mahali pake, Mheshimiwa akaendelea kunguruma kwa adabu, wala hakukohoa.

Ndipo mama aliposogea, akaokota kipande cha ile rangi kwenye kitambaa, akakiweka karibu na kucha zake. "Kumbe ni hii," akasema. "Kumbe mwanamke mwenyewe ni gari." Akaanza kucheka, na wateja wawili wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Mjomba hakucheka.

"Nilijua ni rangi yako, dada," akasema. "Tangu nukta ya kwanza. Nani mwingine anapaka rangi hii?"

Kicheko cha mama kikakatika.

"Nilidhani ni wewe unayenitilia alama," mjomba akasema. "Nikasema, kama ni shemeji, sawa, shemeji anamshuku kila mtu. Lakini dada."

"Ndiyo maana huji?"

"Ningekuja kukuonyesha mikono gani?"

Mama akamshika ile mikono, myeusi ya mafuta, akaiweka usoni kwake mbele ya watu wote, akalia kama mtoto. Mashavu yake yakapakaa grisi. Baba alisimama kando na suti yake, injini ikinguruma, hana pa kuweka macho. Mwishowe alisema, "Shemeji, nimekukosea," na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake ikitoka bila swali ndani yake.

"Nimesikia," mjomba akajibu. Alifunga boneti, akampa funguo. "Jumapili nitakuja kula kwa dada yangu. Lakini gari lako, shemeji, litafutie fundi mwingine. Mimi silifungui tena."

Na hakulifungua. Baba alijaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamsifia mbele za watu, akampelekea hata redio ya zamani ya Mheshimiwa kama zawadi. Mjomba alipokea redio, akashukuru, akakataa gari. Ikabidi baba, mtu ambaye hakumwamini hata aliyelelewa na mke wake, amkabidhi Mheshimiwa mtu asiyemjua hata ukoo. Nilimsindikiza. Alikaa kwenye benchi la yule fundi mgeni, mikono juu ya magoti, na alipoulizwa kama atachukua spea yake ya zamani alisema waitupe. Sijui hadi leo kama yule fundi alitia kitu kipya kweli. Baba naye hajui. Alilipa, tukarudi.

Baada ya muda Mheshimiwa akazima tena. Jumapili hiyo mjomba alikuja, akapita jikoni, mama akavigeuza viganja na kumrudisha bombani. Mezani baba alikula, kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Limezima tena."

 Nilingoja amtaje yule fundi, nilishajiandaa kukasirika.

"Si mtu," baba akasema. "Ni gari. Limezeeka."

Mjomba aliendelea kutafuna. Akanywa maji, akapangusa mdomo, akakitazama kidole gumba chake kilichobaki na weusi kwenye ukingo wa ukucha.

"Koili ya tatu," akasema. "Mwambie huyo fundi wako aangalie koili ya tatu."

Baba akaitikia kwa kichwa na kumsogezea bakuli la mchuzi. Hakumuuliza amejuaje.